Babu Yangu Nimemkuta Makerere

Ndugu msomaji, kabla hujaniuliza cheti, nakitaja mwenyewe: nimeishia Kidato cha Nne. Uchoraji na uchongaji sikuusoma, maana shuleni kwetu hapakuwa na mwalimu wa somo hilo. Uhakiki ninaoujua ni ule wa kipindi cha Kiswahili, yaani fani na maudhui, dhamira na ujumbe, kisha unaandika hitimisho na kukabidhi karatasi. Hata hivyo leo nataka kuhakiki sanamu ya mti. Nikikosea, wajuzi wanisahihishe katika toleo lijalo. Nikipatia, basi tukubaliane kwamba jicho halina kidato.

Kilichonifikisha kwenye sanamu hiyo ni riwaya. Nina mswada wa kurasa 212, umeandikwa kwa mkono kwenye madaftari makubwa, unaitwa "Mto Umebeba Damu". Ndiyo, najua, jina lenyewe linapiga kelele. Unahusu Vita vya Kagera, kwa sababu mimi ni mtu wa Kagera, na hadithi hiyo kwetu haihitaji utafiti. Oktoba 1978 majeshi ya Nduli Iddi Amini yalivuka mpaka yakateka ardhi yetu yote ya kaskazini ya mto, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Jeshi letu likawarudisha walikotoka, halafu likasonga mbele mpaka Kampala, ambayo ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Haya kila mtoto wa Tanzania ameyasikia. Ila mimi niliyaona kwa namna nyingine: babu yangu alirudi na mguu mmoja.

Babu alifariki mwaka 2013 nikiwa bado shule ya msingi. Magongo yake aliyachonga mwenyewe. Wimbo wa vita ukipigwa redioni, alikuwa anazima redio. Hakutusimulia chochote, wala hatukuthubutu kumuuliza. Kwa hiyo nilipoanza kuandika, yale asiyoyasema nikayajaza kwa hasira yangu mwenyewe. Sura ya saba ina sajini wa Kiganda mwenye macho mekundu kama ya fisi, anacheka kila anapoua. Rafiki zangu wakisoma sura hiyo wanasema, "Mshikaji, hii noma!" Mimi nikavimba kichwa. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikera, nikawa sikijui jina lake. Sasa nakijua: sajini yule hakuwa mtu.

Sasa tuingie kwenye sanaa. Hamu ya kuangalia picha na sanamu ninayo tangu zamani, ila mlango ndio ulikuwa mgumu. Wakati mmoja nilikwenda chuo kikuu kimoja, jina nalihifadhi, baada ya kusikia kwamba mle ndani kuna picha nzuri zilizochorwa ukutani. Mlinzi akaniuliza:

"Kitambulisho?"

"Sina, mzee. Nimekuja kuangalia picha tu."

"Picha gani? Za pasipoti wanapiga ng'ambo ya barabara, pale kwenye kibanda."

Nilicheka, naye akacheka, lakini nikageuka nikarudi nilikotoka. Njiani nikajiuliza: picha iliyochorwa kwenye chuo cha umma ni ya nani? Kama ni ya waliofaulu tu, basi sisi wengine tuambiwe mapema tusijisumbue.

Nafasi ya pili ilipatikana kwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, ambaye anasoma Kampala. Akaniita nikamtembelee. Kwa sisi wa Bukoba, Kampala si mbali kama Dar es Salaam. Unapanda gari mpaka Mutukula, unagonga muhuri, unapita Masaka, na jioni umefika. Pale Kyaka, gari lilipokuwa linavuka daraja, nilitoa daftari langu nikasoma sura ya saba tena. Nilikuwa naingia nchi ya sajini wangu.

Kesho yake binamu akanipandisha Mlima Makerere kupitia Wandegeya. Nilitegemea tutafukuzwa. Binamu akaeleza, mlinzi akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akatupungia mkono tupite. Basi, kumbe inawezekana!

Hapa nisimame kidogo niwaeleze wenzangu kwa nini kilima kile kinatuhusu, hata wewe usiyefikiri kuvuka mpaka. Mwaka 1937 mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha sanaa pale Makerere, na madarasa ya kwanza aliyafanyia nyumbani kwake. Njia yake ilikuwa hii: hakuwatandikia wanafunzi picha za Ulaya wazinakili. Aliwasimulia hadithi, nao wakachora kile walichokiona akilini. Wapo waliomlaumu baadaye, kwamba alikuwa anawafungia vijana wa Kiafrika nje ya sanaa ya dunia, eti wabaki na vijiji vyao. Lawama hiyo ina uzito wake. Alipostaafu mwaka 1958 na Cecil Todd akashika nafasi yake, historia ya sanaa ya Ulaya iliingizwa darasani. Lakini mimi, kama mtu wa hadithi, njia ya Trowell imenigusa. Inamaanisha kwamba shule ya sanaa ya kwanza kubwa katika Afrika Mashariki ilizaliwa kutokana na masimulizi. Uchoraji wetu na riwaya zetu vimenyonya ziwa moja.

Na tazama waliopita pale. Gregory Maloba, mtu wa Kenya, ndiye aliyetengeneza mnara wa uhuru wa Uganda wa mwaka 1962, ambao bado umesimama katikati ya Kampala. Sam Ntiro wa kwetu, mzaliwa wa Machame, alisoma pale, akafundisha pale, kisha akawa balozi wetu wa kwanza London baada ya Uhuru. Elimo Njau wa Marangu naye alisoma pale. Yeye ndiye aliyechora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, Yesu akiwa katika nchi ya Wakikuyu, na mwaka 1965 akashiriki kuanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi. Hebu sikiliza jina hilo lilivyo la Kiswahili! Paa mnyama, na paa kwenda juu. Tena kati ya mwaka 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Kwa hiyo nikisema sanaa iliyoko kwenye kilima kile ni yetu pia, sijipendekezi. Nadai urithi.

Tulianzia kwenye jumba la maonyesho la shule ya sanaa, lililofunguliwa mwaka 1969. Niseme kweli, nilitembea mle kama mtu aliyeingia kanisani akiwa na viatu vya tope. Kuta ni safi, kimya kinatawala, kila kazi imepewa nafasi yake ya kupumua. Ni mahali pazuri. Lakini nilijikuta najiangalia mwenyewe kuliko nilivyoziangalia kazi: je, nimesimama sawasawa? Mtu anayejua husimama karibu au mbali? Kwenye picha moja ya rangi za bluu nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na sikuwa nimeelewa. Mnaocheka, chekeni. Najua si mimi peke yangu.

Binamu akaniuliza kama nimeshiba. Nikamwambia bado. Ndipo akasema, "Twende maktaba."

"Kusoma?"

"Twende tu."

Ndani ya maktaba kuu ya Makerere yuko mtu wa mti. Ni mkubwa kuliko mtu wa kawaida, amechongwa kutoka kwenye gogo zito, na amepungukiwa viungo. Aliyemchonga ni Francis Nnaggenda, Mganda aliyezaliwa mwaka 1936, akasomea Ujerumani, na baadaye akafundisha Makerere kwa miaka mingi. Alimchonga katika miaka ya 1980. Jina lake la Kiingereza unaweza kulifasiri "Mhanga wa Vita", ama "Majeruhi wa Vita".

Miguu yangu ilisimama yenyewe. Nilimwona babu.

Sisemi sura zinafanana. Mchongaji yule hakumjua babu yangu, na mti hauna ngozi. Ila jinsi ule mwili ulivyojikusanya ili usimame bila vile ulivyonyang'anywa, ndivyo babu alivyokuwa anajikusanya kila asubuhi mlangoni kabla hajachukua magongo. Kwa sekunde chache viungo vilivyobaki hufanya kazi ya vile visivyokuwepo. Nilidhani jambo hilo analijua aliyelelewa nyumba moja na mlemavu tu. Kumbe Nnaggenda alilijua.

Tutumie vipimo vyetu vya shule. Upande wa fani, uteuzi wa malighafi umebeba nusu ya kazi. Mti nao ni kiumbe kilichokatwa. Kabla mchongaji hajashika patasi, gogo lilikuwa tayari limekwisha kupoteza matawi na mizizi. Ungeichonga sanamu hiyo hiyo kwa jiwe, ungepata ukumbusho. Kwa mti unapata mwili. Pili, hajaisugua mpaka iwe laini ya kuvutia mtalii. Vinyago vingi tunavyouziwa barabarani vinang'aa kama viatu vya harusi. Huyu ana ukali wake, na jicho linakwaruzika linapompitia.

Upande wa maudhui, swali la kwanza ni hili: vita gani? Mimi mara moja nilisema moyoni, ni vita yetu, ya mwaka 1978. Binamu, ambaye anaijua historia ya kule, akanirekebisha taratibu. Miaka ile Nnaggenda anachonga, Uganda ilikuwa katika vita nyingine, ya wenyewe kwa wenyewe, iliyoanza mwaka 1981 na kumalizika Januari 1986. Kabla ya hapo kulikuwa na miaka minane ya Amini. Watu waliokatwa pale walikuwa Waganda, na waliowakata walikuwa Waganda. Sanamu haina gwanda wala bendera. Huwezi kujua alikuwa upande upi. Nadhani huo ndio msimamo wa msanii: ukiondoa gwanda, kilichobaki ni mtu aliyepungua.

Basi mkoba wangu ukawa mzito begani. Mle ndani mlikuwa na sajini mwenye macho ya fisi.

Kuhusu jina, mimi nachagua "Majeruhi". Mhanga ametolewa, amekwisha, tunamlilia. Majeruhi yupo, anahitaji chakula cha jioni, anasumbua, anazima redio. Fasiri ya kwanza inatuachia machozi tu, ya pili inatudai kitu.

Nataka sasa niseme jambo ambalo ndilo limenifanya nichukue kalamu. Nilipokuwa nimeduwaa pale, mwanafunzi mmoja alipita na vitabu kifuani bila hata kumtazama yule mtu wa mti. Wa pili akapita vivyo hivyo. Wa tatu akasimama karibu naye kusubiri mwenzake. Mara ya kwanza niliudhika. Nikasema hawa wamezoea, hawaoni. Baadaye nikafikiri tena. Sisi nyumbani tulimpita babu mara ngapi kwa siku bila kumtazama mguu? Hiyo haikuwa dharau. Tulikuwa tunaishi naye. Vijana wale wanasoma sheria, uhasibu na udaktari huku majeruhi wa nchi yao amesimama nao chumba kimoja. Siku mmoja wao atakapokuwa waziri au mwanajeshi, huenda kitu kimebaki jichoni. Jumba la maonyesho haliwezi kufanya hivyo, kwa sababu kule mtu huingia akiwa amejiandaa kuona sanaa. Maktabani sanaa inakukuta wewe ukiwa hujajiandaa.

Theresa Musoke naye katika miaka ya 1960 alichora ukutani picha ya uzazi katika Mary Stuart, bweni la wasichana hapo hapo Makerere. Picha hiyo sikuiona, bwenini sikuthubutu kusogea, kwa hiyo siihukumu. Ila wazo lenyewe nalisifu: picha ya kuzaliwa, mahali wasichana wanapolala na kuamka wakiwaza maisha yao.

Je, nasema majumba ya sanaa yafungwe? La hasha. Kazi iliyoachwa wazi inaguswa, inapauka, inaliwa na mchwa. Na moto haubagui. Paa ya Paa iliungua mwaka 1997, na pale Makerere penyewe jengo kuu la utawala liliteketea Septemba 2020. Lazima pawepo watu wa kutunza na chumba cha kutunzia. Lakini kutunza si kuficha. Ukienda upande mwingine kabisa, picha ya Ntiro ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku iko katika jumba la sanaa ya kisasa New York. Imetunzwa vizuri, sina shaka. Lakini Mchagga akitaka kuwaona wanaume wale ana kwa ana, anatakiwa kwanza kuomba viza ya Marekani. Kwa hiyo vyuo vikuu vyetu vyenye picha na sanamu naviomba mambo mawili tu. Kila mwaka toeni baadhi ya kazi kutoka stoo mziweke mahali watu wanapopita, kama maktaba, kantini, hata zahanati ya chuo. Na siku moja kwa mwezi mfungulie mlango mtu asiye na kitambulisho. Mlinzi aambiwe kwamba kuna picha nyingine zaidi ya za pasipoti.

Nasi waandishi chipukizi tusijitoe. Ni nani amewahi kusoma kwa Kiswahili uhakiki wa sanamu hata moja ya Makerere? Tunawaachia wataalamu waandike kwa Kiingereza, halafu tunalalamika kwamba sanaa ni ya wakubwa. Hatuna istilahi, sawa. Lakini tuna macho, na tuna babu zetu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta bibi uani anamenya ndizi. Nikamwambia, "Bibi, nimemwona babu Makerere." Hakushtuka, ananijua. Nikamweleza habari ya mtu wa mti.

"Kakatwa?" akauliza.

"Kakatwa."

"Amekaa au amesimama?"

"Amesimama, bibi."

"Siku zote?"

"Siku zote. Ni sanamu."

Akamenya ndizi mbili bila kusema. "Nani aliyemkata?"

"Waganda wenzake. Na aliyemchonga ni Mganda."

"Basi, baba, waambie wamletee kiti."

Nimezunguka na jibu hilo wiki nyingi. Nadhani bibi kafanya uhakiki kunishinda mimi niliyetumia kurasa zote hizi. Udhaifu wa ile sanamu, kama ina udhaifu, ni kwamba imemsimamisha majeruhi daima. Sisi tunaopita tunapenda wasimame. Tunasema tazama ushujaa, halafu tunaendelea na safari. Babu alikuwa anasimama sekunde chache asubuhi. Siku nzima iliyobaki alikuwa amekaa, na kuna mtu aliyekuwa anamletea maji, na huyo mtu ni bibi. Hakuna aliyemchonga bibi.

Sura ya saba nimeichana. Naiandika upya, na inakwenda polepole kuliko zote. Sajini bado ni Mganda na bado anatisha, sikumfanya malaika, maana watu wetu walikufa kweli, na makaburi ya askari wetu pale Kaboya si hadithi. Lakini sasa ana goti linalomuuma, na anatafuta mahali pa kukaa. Rafiki zangu wameisoma, wanasema ile ya kwanza ilikuwa kali zaidi. Pengine ni kweli. Hii wanaisoma kimya.